Chapati zilizogoma kusukumika: kisa cha unga, mkono na saa moja iliyopotea Tandale

Mama mdogo alinipigia simu Alhamisi usiku, saa tatu na nusu, wakati ambao huwa ameshalala kwa sababu siku yake inaanza kabla majogoo hayajawika. Hakungoja hata nimalize shikamoo. "Mwanangu, unga umenigomea," alisema. "Nimeuziwa unga mbovu, na hela ya watu nimeshaipokea."

Anauza chapati Tandale, jijini Dar es Salaam, kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba aliyopanga, na amefanya kazi hiyo kwa miaka 19. Chapati zake ni za kusukuma: nyembamba, zinachambuka zenyewe ukizishika, na ukizifunga kwenye kitambaa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne bado ni laini. Wateja wake ni madereva wa bodaboda, mafundi wa gereji na wanafunzi wanaopita na kikombe cha chai ya rangi. Alikuwa akipika kama 60 kwa siku, kilo 5 za unga, peke yake.

Mwezi huo alipata oda kubwa kuliko zote maishani mwake: chapati 140 kila asubuhi kwa kantini ya mafundi wa ujenzi, zifike kabla ya saa moja. Alichukua kijana wa jirani mwenye mikono ya kazi ili akande, na binti mmoja wa kusaidia kusukuma. Akawafundisha wiki nzima. Akaacha kununua pakiti za kilo 2 dukani kwa jirani, akaenda duka la jumla na kurudi na mfuko wa kilo 25, ambao muuzaji alimwambia ndio wanaochukua waoka mikate. Siku ya tatu ya oda, msimamizi wa kantini alimrudishia chapati 40.

Mimi nafundisha kemia sekondari, na chuoni nilisoma mambo ya chakula. Kwa mama mdogo hilo lilitosha kunifanya daktari wa unga. Ninakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu chanzo chake kilikuwa kimefichwa mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akitazama.

Dalili

Niliyoelezwa kwenye simu niliyaona kwa macho yangu Jumamosi. Kijana aliweka donge kwenye kibao, akapitisha kifimbo, donge likafunguka hadi upana wa sahani. Akanyanyua kifimbo. Mbele ya macho yetu duara lile likaanza kujivuta kurudi ndani, kingo zikanenepa. Akasukuma tena kwa nguvu zaidi, likarudi tena, na mara ya tatu likachanika pembeni huku katikati likiwa bado nene.

Matatizo mengine yote yalizaliwa hapo. Chapati nene inahitaji kukaa muda mrefu kwenye kikaango, kwa hiyo nje inakauka na kuota madoa meusi wakati ndani bado kuna ubichi. Ikipoa, maji yaliyotoka hayarudi, na saa mbili asubuhi unaivuta kwa meno kama ngozi. Mafundi wa ujenzi walikuwa na haki ya kulalamika.

Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Mama mdogo alishika kwamba unga ni mbovu. Binti alisema kijana anazidisha chumvi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana chumvi kweli hukaza unga wa ngano. Nilipopima, kijiko kilikuwa kilekile na kipimo kilekile, nikamwondolea kijana shitaka hilo. Jirani alitaja jicho la watu. Kijana mwenyewe hakusema neno. Alikuwa anakanda kwa bidii kuliko mtu yeyote pale, na kila siku iliyoharibika aliongeza bidii.

Tulivyochunguza

Nilifika saa tisa usiku nikiwa na daftari, rula na mizani ndogo ya jikoni. Nilimwomba mama mdogo akande kilo moja ya unga wake wa zamani, aliyokuwa amebakiza, afanye kama alivyofanya miaka yote na asinijali. Kijana nikamwomba akande kilo moja ya unga mpya kama alivyofundishwa.

Mama alimaliza kukanda saa kumi na dakika 10. Akafunika beseni kwa mfuniko wa sufuria. Akaenda kuoga. Akajaza ndoo mbili za maji, akawasha mkaa, akaswali alfajiri, akaamsha wajukuu na kumtafutia mmoja soksi. Aliporudi kwenye beseni ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Kijana, upande wa pili, alikuwa amemaliza kukanda dakika chache baada yake, na dakika kumi baadaye alishaanza kukata madonge na kusukuma, kwa sababu oda ina muda wake na yeye hana wajukuu wa kuamsha.

Nikamuuliza, "Mama, mbona unga umeukalisha saa nzima na zaidi?"

Akashangaa. "Nani kaukalisha? Mimi nilikuwa naswali."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi tangu siku ile. Kwa miaka 19 unga wake ulikuwa ukipumzika dakika 80 kila alfajiri, na yeye hakuwahi kuzihesabu kuwa ni sehemu ya upishi. Zilikuwa sehemu ya maisha yake. Alipomfundisha kijana alimpa kila hatua anayoijua, kuanzia joto la maji hadi namna ya kupaka mafuta na kuzungusha donge kama konokono. Hatua moja tu haikupita kutoka mkono kwa mkono, kwa sababu mwenyewe hakujua kwamba anaifanya.

Kinachotokea ndani ya donge

Unga wa ngano una protini kuu mbili zinazotuhusu, glutenini na gliadini. Kwa pamoja zinabeba takriban asilimia 80 ya protini yote ya unga huo. Zikiwa kavu zimetulia. Zikipata maji na mkono, zinaungana kuwa gluteni, na gluteni ni miongoni mwa vitu vya ajabu kabisa vilivyomo jikoni mwetu: ni mtandao wa protini unaojibu nguvu unayoutia.

Gliadini ni molekuli ndogo, zilizojiviringa, zinazopitana kwa kuteleza. Ndizo zinazoufanya unga utambae na kukubali umbo jipya. Glutenini ni nyuzi ndefu zilizoshonwa mwisho kwa mwisho kwa vifungo vya salfa, na minyororo yake inaweza kupita uzito wa daltoni milioni 10 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomi moja ya haidrojeni), jambo linaloiweka kati ya protini kubwa kuliko zote zinazojulikana. Hizi ndizo zinazorudi. Mtu anapokanda, anazinyoosha, anazilaza pamoja, na anazipa nafasi ya kufungamana upya. Ndiyo maana unga unaoanza kama uji mzito wenye mabonge, baada ya dakika kumi za mkono, unakuwa kitu kimoja kinachong'aa na kuvutika. Nguvu ya mkono imejenga kitu ambacho hakikuwepo.

Mwaka 1999 mwanasayansi Peter Belton wa Uingereza alitoa maelezo ninayoyapenda kuhusu namna nyuzi hizi zinavyorudi. Alisema minyororo ya glutenini imelala sambamba, sehemu nyingine zimegandana na sehemu nyingine zimejipinda kama vitanzi vilivyojaa maji. Ukiuvuta unga, vitanzi vinanyooka kwanza, kisha sehemu zilizogandana zinaanza kubanduka. Ukiuachia, vitanzi vinataka kujipinda tena, na unga mzima unajivuta nao. Hicho ndicho kijana alichokuwa akikiona kwenye kibao: maelfu kwa maelfu ya vitanzi vinavyorudi mahali pake.

Ila vitanzi having'ang'anii milele. Unga ukiachwa bila kuguswa, vifungo vidogo vya haidrojeni vinafunguka na kufungika mahali pengine, vile vya salfa navyo vinabadilishana washirika, na minyororo iliyokazwa inateleza polepole hadi inapata mkao mpya usio na mvutano. Nguvu iliyokuwa imehifadhiwa ndani inaisha. Mtandao haujavunjika, ungali imara, umetulia tu. Ukiusukuma sasa unakwenda unakoutaka na kubaki huko.

Pia kuna suala la mwendo. Unga huo huo ukivutwa haraka unajibu kama mpira, ukivutwa polepole unajibu kama asali nzito, kwa sababu nyuzi zimepata wakati wa kuteleza. Kwa hiyo bidii ya kijana ndiyo ilikuwa ikimwadhibu. Donge liliporudi, aliongeza nguvu na kasi, na kila alipoongeza, aliwekeza mvutano mpya ndani ya nyuzi ambazo hazijapumzika hata kutoka kwenye kukandwa. Nilimwonea huruma sana. Alikuwa akifanya kile ambacho kila kazi nyingine aliyowahi kuifanya imemfundisha: kitu kikikataa, ongeza nguvu.

Wala mkono wake wenyewe si tofauti na kile ulichokuwa ukikisukuma. Ndani ya kila msuli kuna protini iitwayo titini, kubwa ajabu, yenye daltoni zaidi ya milioni 3, iliyopangwa kama shanga zilizokunjwa kwenye uzi. Mwaka 1997 watafiti waliishika molekuli moja moja ya titini, wengine kwa ncha nyembamba mno na wengine kwa mwanga wa leza, wakaivuta, na wakaona shanga zikikunjuka na zikilegezwa zinajikunja tena. Mwaka 2010 kikundi cha Hongbin Li kule Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, kilitengeneza maabarani protini za kuiga tabia hiyo, zikatoa kitu laini kinachovutika na kurudi kama msuli. Watu wanatumia mitambo ya gharama kubwa kutafuta vitu vya protini vinavyojua kujibu nguvu, na kibanda cha Tandale kinakanda kimojawapo kila alfajiri kwa shilingi 500 chapati.

Je, unga mpya hauna lawama?

Hapa sikutaka kumridhisha mama mdogo, wala kumpinga, kabla ya kupima. Mambo mawili yalikuwa yamebadilika kwa pamoja, unga na muda, na mambo mawili yakibadilika pamoja kila mtu humlaumu yule asiyempenda. Tukafanya mabeseni manne: unga wa zamani uliopumzika saa moja, unga wa zamani usiopumzika, unga mpya uliopumzika na unga mpya usiopumzika. Kila donge likasukumwa hadi sentimita 22, likaachwa dakika moja, kisha nikapima.

Unga wa zamani uliopumzika ulibaki karibu sentimita 21. Usiopumzika ulirudi hadi 19. Unga mpya usiopumzika ulirudi hadi 16 na ushee, na huo ndio ugonjwa wenyewe. Unga mpya uliopumzika ulibaki 20. Kwa hiyo unga mpya ulikuwa kweli na ukaidi wake, lakini saa moja ya kuuacha iliponya sehemu kubwa zaidi kuliko kuubadilisha.

Ukaidi huo nao tuliutoa nje tukautazama. Kuna jaribio la kale sana: Jacopo Beccari, mganga na mwalimu wa Bologna, Italia, alilieleza mwaka 1728, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1745. Unakanda donge dogo la unga na maji bila chumvi wala mafuta, unaliacha kidogo, kisha unaliosha kwenye bakuli la maji huku ukiliminya taratibu. Maji yanakuwa meupe kama tui, kwa sababu wanga unatoka. Unabadilisha maji, unaendelea, hadi yanakuwa safi. Kinachobaki mkononi ni mpira wa rangi ya kijivujivu, unaovutika na kunata: gluteni tupu.

Tulitumia gramu 100 za kila unga. Wa zamani ulitoa mpira wa gramu 24, laini, uliokatika upesi ukivutwa. Wa mpya ulitoa gramu 34, na binti aliuvuta hadi urefu wa mkono kabla haujakatika. Karibu theluthi mbili za uzito huo ni maji yaliyonaswa, lakini tofauti ilikuwa wazi hata bila mizani. Mama mdogo aliushika ule mpira mkubwa muda mrefu, akiubonyeza kwa kidole na kuutazama ukirudi. "Kumbe huyu ndiye niliyekuwa napigana naye," alisema.

Muuzaji wa duka la jumla hakumdanganya. Unga wa waoka mikate hutokana na ngano ngumu yenye protini nyingi, mara nyingi asilimia 12 au zaidi, kwa sababu mkate unahitaji mtandao imara wa kushika hewa ya hamira isitoroke. Unga wa matumizi ya kawaida huwa chini ya hapo. Ngano inayosagwa Dar es Salaam nyingi inaingia kwa meli kutoka nchi mbalimbali, na viwanda huchanganya aina kadhaa ili kupata nguvu wanayoitaka. Mfuko wa mama ulikuwa unga mzuri, ila ulinunuliwa kwa kazi isiyo yake. Kwenye mfuko kulikuwa na maandishi ya protini kwa gramu 100, ambayo wengi wetu hatuyasomi. Nami ni mmoja wao, hadi wiki ile.

Niseme pia, kwa wanaouliza, kwamba chapati za maji hazina shida hii. Zina maji mengi, hazikandwi, na nyuzi hazipati nafasi ya kufungamana. Ndiyo sababu hazirudi, na ndiyo sababu pia hazichambuki.

Tulichobadilisha

Kuutupa unga haikuwezekana. Ulikuwa umebaki kilo 11 na hela ilikuwa imeshatoka. Tukaongeza maji, kwa sababu unga wenye protini nyingi unakunywa zaidi na mama alikuwa akitumia kikombe kilekile cha zamani. Kutoka kama mililita 550 kwa kilo tukapanda hadi 600, na unga ukawa unanata kidogo mwanzoni, jambo lililomtisha binti hadi alipouona baada ya kupumzika. Tukaongeza pia mafuta kidogo ndani ya unga mkavu kabla ya maji. Mafuta yanazipaka protini na kuzizuia zisishikane zote kwa nyuzi ndefu. Wanaotumia tui la nazi zito wanapata faida hiyo hiyo bila kuijua, pamoja na ladha.

Kubwa lilikuwa ratiba. Mama alipendekeza wakande usiku, saa nne, walale. Tulijaribu mara moja. Kwa joto la Dar es Salaam unga ulikaa saa tano ukawa umelegea mno, rangi imefifia kuelekea kijivu, na harufu imeanza uchachu. Kupumzika kuna mwisho wake pia. Vimeng'enya vya unga havilali, vinaendelea kukatakata wanga na protini.

Tukagawa kazi mafungu manne ya kilo 4. Kijana anamaliza fungu la kwanza saa tisa na dakika 50, analifunika, anaanza la pili. Anapomaliza la nne, la kwanza limepumzika saa nzima na ndilo linaloanza kukatwa. Madonge yakishakunjwa na kuzungushwa yanaachwa tena dakika 15 chini ya kitambaa chenye unyevu, kwa maana kule kuzungusha nako ni kuvuta. Chapati za kantini zinatangulia, za kibandani zinafuata.

Jumanne ya wiki iliyofuata hakuna chapati iliyorudishwa. Jumatano msimamizi wa kantini aliuliza kama mpishi amebadilishwa.

Jambo moja halijatengemaa. Chapati za unga mpya, hata zikipumzika vizuri, zinakakamaa mapema kuliko za zamani. Saa nne zinakulika, ila hazina ule ulaini wa kujikunja mkononi. Sehemu ya ugumu huo inatokana na wanga unaojipanga upya chapati inapopoa, na hilo halitibiwi kwa kupumzisha unga. Lakini protini nyingi inaongeza uzito wake. Mama mdogo amekubali kwa kantini, kwa sababu mafundi wanakula saa moja. Kwa kibanda chake amerudi kwenye pakiti za kilo 2, na amekataa katakata kusikia hoja yoyote ya bei.

Kijana ndiye aliyepata tabu zaidi kuzoea. Kukaa bila kufanya kitu mbele ya beseni lililofunikwa, wakati oda inasubiri, kulimkosesha raha. Siku moja nilipokuwa pale alinyanyua mfuniko mara tatu. Mara ya tatu mama mdogo alimpokonya mfuniko, akaurudisha, akamwambia, "Baba, nenda kaoge. Ukirudi utaukuta."

Wiki iliyopita alinipigia tena, safari hii mchana. Amepelekewa mfuko mwingine wa kilo 25 wenye jina jingine. Kabla ya kuufungulia mabeseni alikuwa ameshaosha donge la gramu 100 kwenye bakuli, na alitaka kunisomea mizani: gramu 29.